Mjadala: Sauti ya gitaa la besi la umeme inatoka wapi hasa, kwenye mbao au kwenye mkono?

Mleta mada

Ndugu wadau wa muziki, naomba tulijadili kwa kina suala ambalo huibuka kila wapiga besi wanapokutana, na ambalo kwa maoni yangu hujibiwa kwa mazoea zaidi kuliko kwa hoja. Wapo wanaoamini kwamba sauti ya gitaa la besi la umeme huamuliwa kwanza na aina ya mbao iliyochongwa mwili wake, kiasi kwamba mtu hutajiwa mti kabla hajatajiwa nyuzi wala pikapu, yaani kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi. Wapo pia wanaoshikilia kwamba mbao haina mchango wowote, na kwamba ubao wowote unaoweza kuhimili mvuto wa nyuzi unatosha. Msimamo wangu ni kwamba sauti hiyo huzaliwa kwenye vidole na kwenye nyuzi, huchujwa na mahali pikapu ilipowekwa, kisha hukamilishwa na saketi na spika. Mbao inashiriki, lakini inashiriki zaidi kwa kupunguza kuliko kwa kuongeza, na kwa kiwango kidogo kuliko inavyosifiwa.

Tuanze na namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo hoja nyingi hupotea njia. Pikapu ni koili ya waya mwembamba wa shaba iliyozungushwa kwenye sumaku. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake, uga wa sumaku hubadilika, na mabadiliko hayo huzalisha umeme mdogo ndani ya koili. Pikapu haisikilizi hewa kama maikrofoni iliyowekwa mbele ya gitaa lisilo la umeme. Inachokitambua ni mwendo wa uzi. Kwa hiyo, ili mbao ibadilishe sauti inayotoka kwenye amplifaya, haina budi ibadilishe kwanza jinsi uzi unavyotetemeka, na inaweza kuufikia uzi katika sehemu mbili tu: darajani, yaani pale nyuzi zinapokaa kwenye mwili, na kwenye freti (vyuma vyembamba vilivyopachikwa kukatiza shingo) au kizingiti cha juu ya shingo.

Chukueni mfano wa wapigaji wawili ambao hakuna mpiga besi asiyewafahamu. James Jamerson, aliyezibeba rekodi nyingi za kampuni ya Motown kule Detroit, alitumia besi ya Fender Precision ya mwaka 1962. Jaco Pastorius naye alitumia Fender Jazz ya mwaka huohuo. Kiwanda ni kimoja na mwaka ni mmoja, lakini mtu akisikiliza mapigo machache tu ya kila mmoja hawezi kuwachanganya. Jamerson alifunga nyuzi nzito zilizozungushiwa utepe bapa, na hakuwa na desturi ya kuzibadilisha ilimradi hazijakatika. Chini ya kifuniko cha daraja mlikuwa na sponji iliyogusa nyuzi na kuzima mlio upesi. Na alipiga kwa kidole kimoja tu, kile cha shahada. Pastorius alifunga nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo, zenye mikwaruzo na mng'ao. Shingo yake haikuwa na freti, na uso wake ulipakwa epoksi hadi ukawa mgumu kama kioo. Na alipenda kupiga karibu na daraja, huku pikapu ya nyuma ikipewa nafasi kubwa. Nikizihesabu tofauti hizo moja moja, naona nyuzi, sponji, uso wa shingo, pikapu na mkono. Sioni mahali ambapo ninalazimika kuutaja mti wa mwili wa gitaa ili nieleze kwa nini wawili hao hawafanani.

Jambo linalostahili muda wetu zaidi, na ambalo hutajwa mara chache mno, ni mahali pikapu ilipo. Besi ya kawaida ina uzi wenye urefu wa inchi 34 kutoka kizingiti hadi daraja, yaani takribani milimita 864. Uzi wa E ukipigwa wazi hutetemeka kwa hezi 41 hivi, yaani mara 41 kwa sekunde, lakini wakati huohuo hutetemeka pia kwa nusu zake, theluthi zake, robo zake na kuendelea, ukitoa hezi 82, 124, 165 na nyingine za juu zaidi. Mchanganyiko wa hamoniki hizo ndio tunaouita rangi ya sauti. Sasa, kila mgawanyiko una sehemu ambazo uzi hutulia. Mgawanyiko wa robo hutulia milimita 216 kutoka darajani, na pikapu ikiwekwa hapo, ile hamoniki ya hezi 165 hupotea karibu yote, hata kama mwili umechongwa kwa mbao bora kuliko zote. Bonyeza freti ya 12 kwenye uzi huohuo, urefu unaotetemeka ubaki milimita 432, na pikapu ileile itajikuta iko katikati kabisa ya uzi. Hapo zinazofifia ni hamoniki zote za namba shufwa. Pikapu haijasogea hata kidogo, lakini chujio limekuwa jingine. Kanuni hiyohiyo inauhusu mkono: kidole hakiwezi kuamsha hamoniki ambayo hutulia palepale kinapougusa uzi, na ndiyo maana kusogeza mkono sentimita chache kuelekea darajani huweza kubadilisha sauti zaidi kuliko kubadilisha gitaa zima.

Wabunifu walilijua hilo. Precision ya kwanza ilitoka mwaka 1951, na mwaka 1957 pikapu yake iligawanywa vipande viwili, kile cha nyuzi za E na A kikiwa karibu zaidi na shingo. Jazz Bass ya mwaka 1960 ilikuja na pikapu mbili, na zinapofunguliwa zote kwa pamoja, baadhi ya sauti za kati hupunguzana, jambo linaloipa besi hiyo mlio wake wenye uwazi. Music Man StingRay ya mwaka 1976 iliongeza saketi yenye betri. Hayo yalikuwa maamuzi ya umeme na ya vipimo.

Kuhusu saketi nitasema machache. Katika besi isiyo na betri, koili, vitufe vya kuzungusha, kapasita ya toni na hata kebo hufanya kazi kama kitu kimoja. Kebo ndefu hula sauti za juu, na wengi huutupia ubao lawama za kebo.

Naomba wenye mtazamo tofauti wajitokeze, hasa mafundi.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa hoja iliyopangwa vizuri. Mimi ni fundi wa magitaa, na nadhani umeiondoa mbao kwenye meza mapema mno.

Chukua besi yoyote yenye shingo ndefu ya mbao iliyofungwa kwa skrubu, kisha piga uzi wa G, noti moja baada ya nyingine, kuanzia freti ya 4 hadi ya 8, ukiiacha kila noti ilie mpaka ikome yenyewe. Mara nyingi utaikuta moja, kwa kawaida kati ya freti ya 5 na ya 7, inayoanza vizuri halafu inakufa ghafla wakati majirani zake bado wanalia. Badilisha nyuzi, badilisha pikapu, badilisha amplifaya. Noti ile itaendelea kufa. Sababu ni kwamba shingo nayo ina masafa yake ya kutetemeka, na noti inapoyakaribia, shingo huufyonza mtetemo wa uzi. Bana kipande kizito cha chuma kwenye kichwa cha gitaa, na noti inayokufa itahamia freti nyingine. Huo ni ushahidi unaoweza kuushika kwa mkono kwamba umbo zima la chombo linaingia kwenye sauti.

Tena, wewe mwenyewe umeitaja epoksi ya Pastorius. Kwenye besi isiyo na freti, uzi hukaa juu ya uso wa shingo moja kwa moja, chini ya kidole kinachoubana. Uso laini huula mtetemo wa juu, uso mgumu huurudisha. Kama nyenzo hazina uzito, kwa nini asingeuacha uso ule kama ulivyo?

Naongeza kwamba besi mbili za muundo mmoja, zenye pikapu za aina moja, zikitoka kwenye meza yangu siku moja hazilingani kabisa. Mpiga besi mwenye uzoefu huihisi tofauti hiyo mbavuni, mahali mwili wa gitaa unapoegemea, kabla hata hajachomeka kebo.

Mchangiaji wa pili

Wakubwa zangu, kwa heshima zote, ninyi nyote mmeishia kwenye tundu la kebo, na msikilizaji anaanzia pale mlipoishia. Amplifaya ya Ampeg SVT iliyotoka mwaka 1969, yenye wati 300 na kabati la spika 8 za inchi 10, huifanya besi yoyote iwe na mlio wa SVT. Wimbi la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8, kwa hiyo chumba chenyewe huliongeza pembeni na kulifuta katikati, na watu wawili waliosimama hatua chache tu wakaachana hawasikii besi moja. Kwenye spika ndogo hiyo hezi 41 haitoki kabisa. Sikio ndilo huijenga lenyewe kutokana na hamoniki za juu. Zaidi ya hapo, ngoma kubwa ya miguu inapopigwa sambamba na besi, zile tofauti ndogo za mbao mnazozipigania hufunikwa zote. Mimi naona mjadala huu ungeanzia kwenye spika na kurudi nyuma.

Mleta mada

Mchangiaji wa pili, hoja ya chumba naipokea kikamilifu, na nadhani inazidi kuipa nguvu hoja yangu: kadiri tunavyosogea mbali na mti, ndivyo tunavyokutana na mambo yenye nguvu kubwa zaidi. Lakini chumba hakimtofautishi Jamerson na Pastorius, kwa kuwa tunawasikia wote wawili kupitia spika ileile na bado tunawatambua.

Ndugu fundi, hoja yako ya noti inayokufa ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa hapa, na nakubaliana nayo neno kwa neno. Tuangalie tu inathibitisha nini. Kwanza, inaihusu shingo, ambayo ni ndefu na nyembamba na hivyo hupinda kirahisi. Haiuhusu mwili, ambao ni bapa, mnene na mzito, na ambao darajani hausogei kwa kiwango cha kulinganishwa na shingo. Hata hivyo, sifa za miti tunazosimuliwa karibu zote ni sifa za mwili. Pili, kinachoamua ni ugumu na uzito, na jina la mti halina nafasi yake hapo. Ned Steinberger, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, alitengeneza besi za nyuzinyuzi za kaboni zisizo na kichwa kabisa, na noti zake zinasifiwa kwa kulia kwa usawa shingo nzima. Kabla yake, mwaka 1969, Ampeg ilitoa besi ya Dan Armstrong yenye mwili wa akriliki unaopenya mwanga. Zote mbili zinasikika kama besi, na anayezisikiliza gizani hatauliza mbao ilienda wapi.

Kuhusu mtetemo wa mbavuni, siukatai. Humfanya mpigaji apige kwa kujiamini, na mkono unaojiamini hupiga tofauti. Hata hivyo, mtetemo unaoufikia mwili wa mpigaji ni nguvu ambayo uzi umeipoteza, kwa hiyo hauwezi kuwa kipimo cha kile kinachobaki kwenye uzi na kufika kwenye pikapu. Jambo moja nitakuongezea upande wako, kwa sababu haki inadai hivyo: koili ambayo haikuzamishwa vizuri kwenye nta inaweza kutikisika pamoja na mwili na kuupitisha mtikisiko huo kama sauti. Gonga mwili wa besi ya namna hiyo kwa kifundo cha kidole na utakisikia kishindo kwenye spika. Ni kiasi kidogo, lakini kipo.

Napendekeza jaribio. Tuwe na miili miwili ya miti tofauti, shingo moja, daraja moja, pikapu moja na seti moja ya nyuzi zinazohamishwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine; kimo cha nyuzi na cha pikapu kipimwe kwa milimita; kiwango cha sauti kilinganishwe kwa kifaa, kwa sababu sikio huipenda sauti iliyo kubwa hata kwa tofauti ndogo; na wasikilizaji wasijue ni mwili upi unaopigwa. Wakiweza kuitambua miili hiyo mara nyingi kuliko kubahatisha, nitakuwa wa kwanza kuandika hivyo hapa.

Mchangiaji wa kwanza

Nalikubali jaribio hilo, ndugu yangu, na miili miwili naweza kuichonga mwenyewe. Nina sharti moja, nalo linaweza kuuma pande zote mbili. Kabla hatujabadilisha mwili, tuifungue shingo na kuirudisha kwenye mwili uleule, mara kadhaa, na kurekodi kila mara. Shingo ikifunguliwa hairudi ilivyokuwa: pembe yake hubadilika kidogo, skrubu hukazwa kwa nguvu tofauti, na uzi uliokwisha legezwa na kukazwa tena haulii kama awali. Tukijua kwanza tofauti inayoletwa na bisibisi peke yake, ndipo tutaweza kusema ni kiasi gani cha tofauti iliyobaki kinauhusu mti.