Windows 10 ilipoachwa mkono, nyinyi mlihamia wapi? Tupeane uzoefu

Saiba_Majengo: Asalam aleikum wadau. Mie nina saiba hapa Majengo, mashine sita za mtumba kutoka Uingereza, prosesa za Intel kizazi cha 4 na cha 6. Microsoft ilipoacha kuipa Windows 10 apdeti za usalama, tarehe 14 Oktoba 2025, mashine ziliendelea kuwaka kama kawaida, ndipo nikajidanganya kwamba sina shida. Windows 11 nayo yataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na kwa Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu. Zangu zote zikakataliwa. Kununua sita mpya kwa pesa za fotokopi? Thubutu!

Nikaanza na moja, ile ya mlangoni inayochomwa na jua. Nikatengeneza flashi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa pahala pa Windows, nikaijaribu kwanza kutoka kwa flashi bila kufuta kitu, kisha nikaiweka kabisa. Wateja hata hawakuuliza. Mtu akiingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, anachokiona ni brauza tu. Printa ndiyo iliyonitoa jasho. Kubwa ilijitambua yenyewe kabla sijaketi. Ile ndogo ya zamani ilinitemea karatasi nyeupe siku tatu, mpaka nikaiachia mashine moja ya Windows 10 nisiyoiunganisha na intaneti. Na CV za Word zenye majedwali, zikifunguliwa kwa LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, picha huenda ikamkalia mtu juu ya jina lake. Siku hizi nawaambia waniletee PDF.

Haya, semeni na nyinyi.

MwanaLikoni: Mie bado sijahama, nisichekwe. Nimejiandikisha zile apdeti za nyongeza, bure, mradi uingie kwa akaunti ya Microsoft na ukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Mwisho ni 13 Oktoba 2026. Nikivuka feri kila siku na laptopu begani, huo muda wanitosha kudunduliza ya kununua nyingine.

Hesabu_Kisauni: Dada yenu nafanyia watu hesabu. Nilihamia Linux kwa mbwembwe, nikakwama mwisho wa mwezi: faili za Excel za wateja wangu zina makro, zile amri za kujiendesha zenyewe, na kwa LibreOffice vitufe vyake nabonyeza wee, kimya. Nikarudi usiku kwa mume wangu kuomba laptopu yake. Sasa nina mifumo miwili kwenye mashine moja, nachagua ninapoiwasha. Kama kazi yako ni Excel ya watu, jaribu faili zao kabla hujafuta chochote.

Fundi_MwembeTayari: Hapo kwa kufuta, acheni niseme langu, ingawa laniaibisha. Mzee mmoja aliniletea kompyuta yenye diski mbili, nimwekee Mint. Ilikuwa karibu na Magharibi, nina haraka. Kwenye kuchagua diski nikaona sda na sdb, majina Linux inayozipa diski, nikabonyeza ile yenye picha za harusi ya bintiye. Nilipoona asilimia zapanda, mikono ikawa baridi. Nikachomoa umeme papo hapo, nikaitoa ile diski, sikuandika kitu tena juu yake. PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutika, ilinirudishia nyingi, lakini bila majina. Maelfu ya picha zimechanganyika, bi harusi katikati ya skrini za WhatsApp. Mzee hakugomba, alinyamaza tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu siku hiyo diski isiyohusika naichomoa waya kwanza, hata mteja akiwa amesimama mlangoni.

Saiba_Majengo: Pole fundi. Wengi wangelificha hilo.

Fundi_MwembeTayari: Ahsante. Hiyo printa yako ndogo ni modeli gani? Ziko ambazo draiva yake, programu ya kuiendesha printa, haimo ndani ya Mint, ila huwekwa kando na hukubali.

Saiba_Majengo: Kibandiko kimefutika kwa chumvi ya hewa, sisomi kitu. Nakuletea kesho baada ya Alasiri. Mahamri juu yangu.