Mtama wa msaada unapita Changamwe kwenda Juba. Na Kinango je?

MchukuziChangamwe: Hamjambo wanabaraza. Mimi kibarua wa godauni hapa Changamwe. Wiki hii tumepakia magunia ya mtama kwenye matrela ya Juba, Sudan Kusini, mpaka mabega yamevimba. Mama yangu yuko Kinango, kaunti ya Kwale, mahindi yamemkaukia yakiwa ya magotini, na si mara ya kwanza. Wakimbizi siwalaumu. Nauliza tu: kwa nini chakula kipite mlangoni kwetu, Kwale kusiachwe hata trela moja?

DerevaMalaba: Kaka, kila tani boi huniuliza hilo tukifika Mariakani. Mzigo huo si wa Kenya, ni wa tranziti, unapita tu. Trela lina sili ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya kodi. Nikilifungua pale Samburu watu wa forodha wanajua papo hapo, na mimi nalala ndani. Isitoshe, aliyetoa pesa alizitoa kwa ajili ya Sudan Kusini.

Lakini kubwa ni kwamba kule gunia lina kazi kuliko pesa. Mvua ikishaanza, kama Mei hivi, barabara nyingi ng'ambo ya Nimule, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, ni tope hadi mwisho wa mwaka ukaribie. Ndiyo maana mnakimbizwa kupakia wakati wa kiangazi, maghala ya huko yajae mapema. Tukichelewa, inabaki mashua za Nile au ndege. Na ndege yenyewe mara nyingi haitui, inadondosha! Mtama huvishwa magunia kadhaa, moja juu ya jingine, la ndani likipasuka la nje lishike. Gharama yake usiulize. Mji wa Bentiu huko ulizingirwa na maji tangu mafuriko ya 2021. Ukimpa mtu pesa pale atanunua nini? Halafu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, watu wakawa wanakimbilia Renk, upande wa Sudan Kusini mpakani, mikono mitupu.

Kinango maduka yapo, unga upo, hela ndizo hazipo. Hapo mtu atumiwe pesa kwa simu, anunue mwenyewe.

BintiKinango: Ya Juba sikukatalii, Dereva, ila hiyo ya "maduka yapo" iseme polepole. Ukame ule wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilituruka. Unga ulikuwepo, bei ndiyo haikushikika. Pesa za simu zikifika, mwenye duka ashazimaliza kwenye daftari la madeni. Mimi ningetaka nusu pesa, nusu maharage na mafuta. Na zile za serikali za HSNP, mpango wa kusaidia kaya zenye njaa, shilingi 5,400 kila miezi miwili, zilianzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, si kwetu.

DerevaMalaba: Hapo umenishika, dada. Hata kambi ya wakimbizi ya Kakuma, walikozoea kutumiwa Bamba Chakula, yaani pesa za chakula kwenye simu, mgao ulikatwa 2025 watu wakaandamana. Pesa nayo ina kiangazi chake.

Mchukuzi, msaada wa ukame ukija, majina mara nyingi huandikwa kijijini, kwenye baraza la chifu. Asiyekuwepo hana wa kumtaja. Ulizeni pia ofisi ya kaunti ya NDMA, mamlaka ya kukabili ukame. Wao ndio hutangaza kaunti imefikia hatua gani ya ukame.

MchukuziChangamwe: Shukrani. Namtuma mdogo wangu barazani Ijumaa. Mama mwenyewe hatakwenda, atasema wenye shida ni majirani.