Wakuu hela za shule za serikali Texas zinatoka wapi? Nihame au nibaki?

Mama_Wawili
Habarini wadau. Tuko Dallas mwezi wa tisa huu, tumepanga apatimenti, watoto wako darasa la pili na la tano shule ya serikali. Kinachonichanganya shoga yangu anakaa distrikti ya shule ya jirani (eneo lenye uongozi wake wa shule), dakika 15 kwa gari, shule ya mwanae ina bwawa la kuogelea na maabara inang'aa, ya kwetu madarasa mengine yako kwenye vile vibanda vya nje. Sasa si zote za serikali? Nimezoea mambo ya nyumbani Tanzania, tangu elimu bila malipo 2016 ruzuku inatoka serikali kuu, elfu 10 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, uwe Masaki uwe Nachingwea. Mume anataka tuhamie huko ila renti ya huko inaizidi ya kwetu kwa dola 600 kwa mwezi. Nishaurini jamani.

Mzee_wa_Houston
Karibu dada, hapo hata mi nilishangaa. Huku serikali kuu ya Washington inatoa kidogo sana, nchi nzima ukichukua wastani ni kama sehemu moja ya kumi tu, zilizobaki jimbo na distrikti wanagawana karibu nusu kwa nusu. Distrikti inajipangia kodi ya majengo, na Texas mshahara wako haukatwi kodi ya jimbo kwa hiyo majengo ndo yanabeba mzigo. Mtaa wa majumba ya bei mbaya na maofisi ukikata senti chache tu unapata mahela, mtaa wa apatimenti kama zenu ukate mpaka ulie.

Ndizi_Mzuzu
Bora mi sina nyumba hiyo kodi hainihusu 😂

Mzee_wa_Houston
@Ndizi_Mzuzu inakuhusu sana mkuu, unadhani landilodi anailipa kwa mfuko wake? Iko humo humo kwenye renti.

Mhasibu_Mstaafu
Mzee umesema kweli ila nusu. Wazazi wa San Antonio walilishtaki hili jambo mpaka mahakama kuu ya Marekani, 1973 wakashindwa kura 5 kwa 4. Baadae mahakama ya jimbo ndo ikalibana jimbo, na tangu 1993 distrikti tajiri zinanyang'anywa kiasi kusaidia maskini, watu wanaita Robin Hood. Kwa hiyo hela ya mishahara ya walimu haipishani kihivyo. Jimbo lina kianzio kwa kila mtoto, kilikuwa dola 6,160 tangu 2019, 2025 wakaongeza dola 55, eti ongezeko! Sasa bwawa dada, hilo mara nyingi ni bondi, wakazi wanapiga kura distrikti ikope ijenge, halafu wanalipa kwa kodi ya peke yake ambayo Robin Hood haigusi. Ndo maana majengo yanapishana kuliko walimu.

Dada_Ticha
Mi nafundisha huku. Usihame kwa ajili ya bwawa. Shule yenu kama ina watoto wengi wa kipato cha chini inaweza kuwa inapata hela ya Title I ya Washington, ipo tangu 1965, na jimbo nalo linaongeza kwa mtoto anayejifunza Kiingereza. Wenzetu wengi wanaona aibu kujaza ile fomu ya kipato, jaza mama, shule inahesabiwa kwa hizo. Kaulize ofisini wana walimu wangapi wa ESL (wanaofundisha Kiingereza watoto wa lugha nyingine), kisha kaulize na kwa shoga yako, unaweza kukuta kule yuko mmoja anazungukia shule tatu. Kingine, Texas inalipa kwa mahudhurio, sio kwa kuandikishwa, kiti kikiwa kitupu hela hamna.

Mama_Wawili
Asanteni sana, fomu kweli niliitupa 🙈 ila mahudhurio ndo nimekwisha, nimeshakata tiketi za Moshi, tunaondoka tarehe 5 Desemba mpaka katikati ya Januari!

Dada_Ticha
Wiki za likizo hazihesabiki. Hizo zingine piga simu shirika la ndege leo leo.

Ndizi_Mzuzu
Mchaga umwambie asiende Krismasi nyumbani? Hama tu dada 😂