Premio inazima njiani: nianze na pampu ya mafuta au sensa ya krenki?

Kijana wa Mbezi
Habari wakuu. Premio yangu inazima ikiwa inatembea. Fundi wa kwanza anasema pampu ya mafuta imechoka, wa pili anasema ni sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta ya gari kuwa injini inazunguka. Nimeulizia kwenye maduka ya spea Gerezani: pampu ya mtumba 80,000, mpya isiyo orijino 110,000, orijino inakaribia 400,000. Sensa ya mtumba 60,000. Hela inatosha kitu kimoja, na wiki ijayo naenda Iringa na familia. Ninunue kipi?

Spana Kumi
Mkuu, bei zote umeandika, gari hujalieleza. Injini gani? Premio za 2001 hadi 2007 zina 1NZ ya cc 1500, 1ZZ ya 1800 na 1AZ ya 2000 ambayo ndiyo D4, yaani inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Kama ni D4 ina pampu mbili, ya kwenye tangi na ya presha kubwa kwenye injini, na hapo mazungumzo ni mengine. Inazima ikiwa ya moto au ya baridi? Inakata ghafla au inavutavuta kwanza? Ikizima inawaka hapo hapo? Taa ya injini je?

Fundi Umeme Moro
Mimi sensa, bila kusita. Ikipata joto, waya mwembamba wa ndani unaachana, kompyuta haioni tena krenki ikizunguka, inakata cheche na injekta kwa pamoja. Ikipoa waya unagusana, gari inawaka. Tazama mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini: ukilala sifuri na gari bado inabiringika, usihangaike na pampu.

Spana Kumi
Hilo la mshale ni la manyuali. Kwenye oto injini ikizima inaweza kusimama kabisa hata gari likiwa mwendo, kwa hiyo mshale utalala hata kama kosa ni mafuta. Autazame wakati anapiga stata. Usipotikisika hata kidogo, ndipo aishuku sensa.

Nahodha wa Likoni
Nawasalimu kutoka Mombasa. Mbona hakuna aliyetaja throto, mlango wa hewa ya injini? Huku makanika huanza kwa kuisafisha, ni kazi ya muda mfupi na gharama yake ni ndogo. Pia kaza vichwa vya betri na uangalie waya wa athi.

Spana Kumi
Throto chafu huzima gari ukiachia mafuta, kwenye mataa au ukiingia foleni. Ndiyo maana namsubiri atujibu.

Kijana wa Mbezi
Samahanini, nilikuwa kazini. Ni 1ZZ, oto. Inazima baada ya kutembea kama saa nzima, zaidi kwenye joto la mchana. Inakata ghafla, haivutivuti. Nikisubiri nusu saa inawaka. Taa ya injini haijawaka. Mafuta naweka ya elfu ishirini, taa ya mafuta ikiwaka naongeza.

Mama Naima
Kaka, kwa kuwa umetaja Iringa, sikia yaliyonipata. Gari yangu ilikuwa na tabia hiyo hiyo. Gereji moja wakabadilisha pampu, ikawaka, wakanikabidhi. Siku chache baadaye nikapanda mlima Kitonga, njia ya Iringa, na watoto nyuma. Kwenye kona, lori mbele na lori nyuma, injini ikanyamaza. Usukani ukawa mzito. Breki nilikanyaga mara ya kwanza na ya pili ikashika, baadaye ikawa ngumu kama ukuta, kwa sababu injini ikizima msaada wa breki unabaki kidogo tu kisha unaisha. Nikavuta hendibreki, nikawasha hazadi, ufunguo sikuuchomoa maana usukani ungejifunga. Utingo wa lori la nyuma akaruka chini na gogo, akalikita kwenye tairi. Mpaka leo namwombea. Iringa mjini fundi mmoja mtu mzima akafuata waya za sensa kwa kidole, akakuta ganda la waya limelika na shaba inagusa chuma. Akaunga, akafunga tepu, basi. Tatizo halikuwa pampu wala sensa, ni waya. Usipande ule mlima na familia kabla gari halijapimwa.

Fundi Umeme Moro
Pole sana dada. Na niongeze jambo linalowapotosha mafundi wengi: kwenye hizi Toyota kompyuta haiiwashi pampu mpaka ione krenki inazunguka. Sensa ikifa, pampu nayo inanyamaza. Fundi anasikiliza kwenye tangi, hasikii mlio, anasema pampu imekufa.

Spana Kumi
Hapo nakubali. Kwa hiyo ikizima tena, chomoa koili moja ya plagi, weka plagi ya akiba, igusishe chuma, mwenzako apige stata. Cheche ipo lakini mafuta hayafiki: pampu, rilei au fyuzi yake. Cheche hakuna na mafuta hakuna: sensa au waya zake. Fundi mwenye geji ya presha ya mafuta naye atafutwe, 1ZZ inatakiwa isome kati ya psi 44 na 50.

Nahodha wa Likoni
Ama umwagie sensa maji. Ikiwaka papo hapo, umempata mwizi.

Fundi Umeme Moro
Usimwage maji kwenye injini ya moto, ndugu. Kitambaa kilicholoana kinatosha.

Kijana wa Mbezi
Nashukuruni. Nimepata mwenye geji, Jumamosi ananipima. Ila pampu bado sijaiondoa akilini, kwa hayo mafuta ya elfu ishirini.

Mama Naima
Mafuta ndiyo yanayoipoza pampu. Kutembea na taa imewaka kila siku unaichoma, hata kama safari hii haina kosa.

Nahodha wa Likoni
Dada, pampu inakaa ndani ya kikombe chake, mafuta hubaki humo hata tangi likipungua. Gari yangu naiendesha hivyo miaka yote.

Mama Naima
Kikombe hicho kwenye mlima na kona hakijai ipasavyo. Robo tangi ndiyo chini yangu, sishuki hapo.