Naomba ushauri: nimshukuruje mwalimu asiyependa kusifiwa?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nimekwama, naomba mawazo yenu.

Mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari amestaafu na macho yamepungua nguvu, hasomi tena mpaka asomewe. Huyu ndiye aliyenifanya niipende hesabu. Nikikosa swali, alipiga mstari chini ya hatua niliyoteleza, kisha pembeni akaandika kwa wino mwekundu: "Hapa ulikuwa unafikiria nini?" Alisubiri jibu, na alilisikiliza kweli. Leo nami ni mwalimu, na swali hilo nawauliza wanafunzi wangu karibu kila kipindi.

Nataka alijue hilo kabla ya Siku ya Walimu Duniani, 5 Oktoba. Nikimpigia simu na kuanza kushukuru, hugeuza mazungumzo akaniulizia watoto. Nilimtumia pesa, akazirudisha, akasema nimsaidie mwanafunzi mwenye shida. Nimefikiria barua, kama mwandishi Mfaransa Albert Camus alivyomwandikia mwalimu wake wa shule ya msingi, Louis Germain, baada ya kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Ila barua itabidi asomewe na mtu mwingine, na haya ningependa yabaki kati yetu wawili.

Je, nirekodi sauti, au nifunge safari nikamsomee mwenyewe? Na kwa mtu anayekwepa sifa, mazungumzo ya namna hii huanzwaje bila kumkwaza? Walimu wastaafu mliopo humu, nawasikiliza ninyi hasa.