Wullenwever wa Lübeck: alisalitiwa, au alijiponza mwenyewe?

Mzee wa Bandari: Wakuu, nisaidieni. Jürgen Wullenwever, mfanyabiashara mzaliwa wa Hamburg, alipata umeya wa Lübeck, mji wa biashara wa Ujerumani kwenye Bahari ya Baltiki, mwaka 1533 akibebwa na mafundi, wachuuzi na wafuasi wa Luther. Agosti 1535 hana cheo, 1537 hana kichwa. Aliangushwa na matajiri wa zamani au alijiponza?

Bi Ukweli: Alijiponza. Lübeck ilitaka jambo moja tu, Waholanzi wasiichukulie biashara ya Baltiki. Yeye akauingiza mji kwenye vita vya Denmark ili amrudishe Christian wa Pili, mfalme aliyekwishapinduliwa na yuko kifungoni! Fedha za makanisa zikaishia kwenye vita. Na jeshi akampa nani? Marx Meyer, mhunzi. Mhunzi na vita wapi na wapi?

Chuma Moto: Dada, hapo kwa mhunzi umenigusa. Mimi nimesomeshwa kwa mivukuto ya baba yangu. Huyo mhunzi wako alifika hadi kwa Henry wa Nane wa Uingereza akapewa usoka, sijui wewe umepewa nini.

Bi Ukweli: Usoka ndio nini, kaka? Sema alipewa heshima ya "Sir". Na hiyo heshima haikumsaidia, Wadenmaki walimuua 1536.

Chuma Moto: Umenielewa, ndiyo maana umekasirika. Aliiteka ngome ya Wadenmaki ya Varberg. Mabwana wa ukoo mzuri walikuwa wapi?

Mla Korosho: Mimi nasubiri tufike kwa maseremala 😂 Ila si huyu Wullenwever alichomwa moto pale sokoni Lübeck?

Mzee wa Bandari: Hapana kijana. Alikamatwa na watu wa askofu mkuu wa Bremen, akakabidhiwa kwa ndugu wa askofu, Mtawala Heinrich. Aliuawa Wolfenbüttel, kwa upanga, kisha mwili ukakatwa vipande vinne.

Mla Korosho: Kumbe. Basi nilichanganya na yule kiongozi wa mji wa Münster.

Chuma Moto: Si bahati mbaya kuchanganya. Münster ya Waanabaptisti, wale Wakristo wenye msimamo mkali waliobatiza watu wazima, ilianguka Juni 1535, watawala wote roho juu. Wakamtesa Wullenwever mpaka akakiri alitaka kuwakabidhi hao hao Lübeck. Kabla ya kufa alikana. Hayo ndiyo mashtaka? Nikolaus Brömse, meya wa hao matajiri wa zamani, aliukimbia mji 1531, akarudi 1535 na kukalia kiti chake kama vile alikwenda kuoga. Bado mnauliza nani alimwangusha?

Bi Ukweli: Ungamo la mateso silitetei, usinilishe maneno. Lakini pale Øksnebjerg, Denmark, mwezi huohuo wa Juni jeshi la Wullenwever lilisambaratishwa. Brömse hakuwa na haja ya kumsukuma, alirudi akakuta mlango wazi. Na wale 64 wa kamati ya wananchi, waliompandisha, mbona hawakumkinga?

Chuma Moto: Wangemkingaje, mji mzima umebanwa, na Milki Takatifu ya Roma, iliyokuwa juu ya miji ya Ujerumani, inatishia kuuadhibu? Njaa ya vita haina kamati.

Mzee wa Bandari: Hilo la kamati ndilo nililotaka tulijadili tangu mwanzo, tafadhali.

Chuma Moto: Tutalijadili, Mzee wangu. Kwanza dada afute ile kauli ya mhunzi.

Bi Ukweli: Sifuti. Meyer alishindwa au hakushindwa?