Nasoma sheria Iringa, msuli napiga lakini alama haziji. Naombeni ushauri

Binti wa Makambako:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni binti, nasoma shahada ya sheria chuo kimoja hapa Iringa, nimemaliza mwaka wa kwanza. Kidato cha sita nilisoma HKL na nilifanya vizuri. Huku chuo nakesha, madesa (muhtasari wa masomo tunaogawiana) yote ninayo na nimeyashika, lakini matokeo yametoka C nyingi, na Sheria ya Mikataba nimepata sapu, yaani narudia mtihani. Maswali ya kueleza ninayamudu. Yanayonimaliza ni yale ya visa, "Juma kamuuzia Asha gari, mshauri Asha". Najaza kurasa nne napata alama sita kati ya ishirini, na mhadhiri anaandika pembeni neno moja tu: jadili. Sijui anataka nini zaidi.

Jambo la pili ni nyumbani. Baba analima viazi na ana miti kidogo, ndiyo inayoziba pale mkopo unapoishia. Jirani amemwambia sheria ni kupoteza hela, kwamba ukimaliza kuna Law School Dar es Salaam na huko watu wanafeli vibaya. Baba hajasema niache, ila ameanza kuniuliza kama nafasi za ualimu bado zipo. Naogopa kuendelea kula hela ya wadogo zangu kama mwisho wake haupo. Naombeni ushauri wa ukweli, hata kama unauma.

Mnyalu wa Kihesa:
Kamwene dada. Pole na sapu, wengi wameipitia hiyo. Nikuulize: kwenye hayo madesa, kesi zimeandikwaje?

Binti wa Makambako:
Kamwene kaka. Kila kesi ina mistari miwili mitatu, jina, mwaka na kanuni iliyowekwa. Ndiyo tunayokariri.

Mnyalu wa Kihesa:
Basi ugonjwa uko hapo. Subiri wakubwa waje.

Wakili wa Mwanjelwa:
Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika mpaka mwisho, na naona akili unayo. Unachokosa ni namna ya kusoma.

Chukua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Utaikuta kwenye sheria ya ndoa. Desa litakwambia: "kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971". Ni kweli, na ni moja ya hukumu kubwa kuwahi kutolewa nchi hii. Lakini muulize aliyekariri desa: je, Bi Hawa alipata nini? Wengi watajibu alipata mgawo wa nyumba. Hakupata. Jaji Mkuu Nyalali alikubali kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Kisha akaangalia mambo yalivyokuwa: mume alishampa mkewe fedha za kuanzishia mradi, na fedha zile mama alizitapanya. Rufaa ikatupwa. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akashindwa. Sasa mtihani ukileta mke aliyepewa mtaji na mumewe, mwenye desa ataandika "apewe mgawo, rejea Bi Hawa", na aliyesoma hukumu ataona kesi hiyohiyo inamgeuka. Hiyo ndiyo "jadili" unayoandikiwa pembeni. Anataka uone sheria inagusaje mambo ya huyu aliye mbele yako.

Hukumu zipo TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure kabisa, unasoma hata kwa simu. Anza na moja kwa wiki, lakini isome yote: nani kamshitaki nani, mahakama za chini zilisema nini, hoja ilikuwa ipi, jaji alikataa hoja gani na kwa nini. Sehemu ya kukataa ndiyo tamu kuliko zote na madesa huwa hayaiweki.

Kuhusu kujibu, nakupa zoezi la kwenu. Mbilinyi ana magunia 40 ya viazi Makambako. Jumatatu anamwandikia Asha wa Mwanjelwa: "Nakuuzia yote, 70,000 kwa gunia, nipe jibu kabla ya Ijumaa." Jumatano Asha anajibu: "Nachukua kwa 65,000." Mbilinyi kimya. Alhamisi Asha anaandika: "Haya, 70,000 nimekubali." Kumbe viazi vimeshauzwa kwa mtu wa Tunduma. Mshauri Asha. Andika hoja, sheria, sheria inavyogusa jumbe hizi, halafu uamuzi. Ukurasa mmoja unatosha. Weka jibu hapa nilisahihishe.

Mtoto wa Tukuyu:
Mimi nitasema tofauti. Baba yako ana haki ya kuuliza. Nina ndugu yangu ana shahada ya sheria na yuko stendi anakatisha tiketi. Kama ualimu bado unaupenda, hamia mapema kabla hujala mwaka wa pili.

Wakili wa Mwanjelwa:
Mtoto wa Tukuyu, sikupingi juu ya ndugu yako, ajira ni ngumu kweli. Lakini aamue kwa takwimu, asiamue kwa maneno ya jirani. Kilichotisha watu ni matokeo ya Law School ya 2022: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26, wengine 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakafeli kabisa. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mtu anayesikia "26 kati ya 633" anadhani waliobaki wote walifukuzwa, kumbe zaidi ya nusu walikuwa bado na nafasi. Nisikufiche hata hivyo: bila Law School huwi wakili, na kazi za sheria serikalini zinaitaka pia. Kwa hiyo gharama yake aipigie hesabu baba tangu sasa, nauli, chumba cha Dar na chakula, asije akashtukizwa. Na mkae mfuatilie miongozo ya HESLB, Bodi ya Mikopo, maana mikopo ya Law School imeshawahi kutangazwa.

Anayefeli kule mara nyingi ni yule aliyemaliza shahada kwa madesa. Kule wanakupa jalada na kukwambia andaa hati ya madai. Desa halikusaidii kuandaa hati ya madai.

Mama Uyole:
Mwanangu, mimi nimekuwa karani wa mahakama miaka mingi. Nakuomba kitu kimoja: siku huna kipindi, nenda mahakamani ukakae nyuma usikilize. Mashauri mengi yanasikilizwa hadharani, hakuna wa kukufukuza ukivaa vizuri na ukazima simu. Anza na Mahakama ya Mwanzo, kule ni Kiswahili kitupu, utaelewa kila kitu. Utamuona mzee anadai mpaka wa shamba, shahidi wake wa kwanza anasema mpaka ni mti, wa pili anasema ni mfereji, na kesi inaanza kuanguka mbele ya macho yako kabla hakimu hajasema neno. Siku hiyo utaelewa ushahidi ni nini. Baadaye panda Mahakama Kuu, Iringa ipo, husafiri.

Na lugha isikutishe. Mwaka 2021 Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Ila Kiingereza usikiache mwanangu, hukumu nyingi za huko nyuma ziko kwa lugha hiyo na mitihani yenu pia.

Mnyalu wa Kihesa:
Nyongeza kwa wote mnaogawiana madesa pale vimbwetani: kuna Toleo la Urekebu la 2023 la sheria zetu, limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Desa linalonukuu toleo la 2002 usilinukuu kwenye mtihani kabla hujahakiki kifungu. Dada, chapisha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, uisome kama ilivyo. Vifungu vya mwanzo havizidi kurasa chache.

Binti wa Makambako:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimejaribu zoezi la viazi.

Hoja: je, Alhamisi kulikuwa bado na ofa ya kukubaliwa? Sheria: kifungu cha 7 cha Sheria ya Mikataba, kukubali lazima kuwe kamili na bila masharti. Pia kesi ya Uingereza, Hyde v Wrench ya 1840, muuzaji alitaka pauni 1,000, mnunuzi akasema 950, kisha akarudi kwenye 1,000, mahakama ikasema mkataba haupo. Hapa Asha aliposema 65,000 alitoa ofa yake mwenyewe na kuiua ya Mbilinyi. Lakini Mbilinyi naye amekosea, alitakiwa kusubiri mpaka Ijumaa kama alivyoahidi. Uamuzi: Asha hana mkataba, ila anaweza kudai fidia kwa kutosubiriwa.

Wakili wa Mwanjelwa:
Hili ni jibu la mwanasheria mpaka ulipofika kwenye "lakini". Soma kifungu cha 5. Mtoa ofa anaweza kuiondoa wakati wowote kabla kukubaliwa hakujakamilika. Ahadi ya kusubiri mpaka Ijumaa haimfungi Mbilinyi kama Asha hakutoa chochote ili asubiriwe. Na hata hivyo ofa ilikufa Jumatano, kwa hiyo hakukuwa na cha kusubiri. Futa fidia.

Sasa badilisha kisa. Jumatano Asha hakusema "nachukua kwa 65,000". Aliuliza tu: "Hupunguzi kidogo?" Mengine yote yabaki, pamoja na kwamba Mbilinyi hakumwambia Asha kuwa ameuza. Tafuta Stevenson v McLean ya 1880 kabla hujajibu.

Binti wa Makambako:
Naitafuta sasa hivi, kaka. Na baba nitampigia kesho asubuhi kabla hajaenda shamba, nimueleze habari ya Law School na gharama zake zote.